Simama Hapo Chini: Rekodi za Maporomoko na Picha Zake

Picha ya maporomoko isiyo na mtu ndani yake haina kimo. Maji meupe yanashuka kwenye mwamba mweusi, majani ya kijani pembeni, kidimbwi chini. Anayeitazama akiwa sebuleni hajui kama ni mita 10 au mita 200. Mwombe shangazi asogee mpaka ukingoni mwa kidimbwi na kitenge chake chekundu, aonekane kama punje ya mtama, na papo hapo maji yanapata urefu wake. Kwa sababu hiyo nawapenda wapigapicha wanaokwenda kwenye maporomoko na ndugu na marafiki kuliko wale wanaongoja kila mtu aondoke ndipo wabonyeze. Vitabu hupanga rekodi za maporomoko kwa mita na kwa wingi wa maji. Mimi nimezipanga kwa swali jingine: nani alisimama pale, na kamera ilimwonaje.

Picha ya kale zaidi

Mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya njia ya Daguerre ya kupiga picha kutangazwa Paris, mkemia wa Kiingereza Hugh Lee Pattinson alifika Niagara na kamera yake ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Moja ya picha alizopiga inahesabiwa kuwa ya kale zaidi inayojulikana si ya Niagara tu bali ya nchi nzima ya Kanada, na leo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Ukiitazama kwa makini utamwona pembeni mtu mdogo mwenye kofia ndefu. Wengi wanaamini ni Pattinson mwenyewe. Bamba la enzi hizo lilihitaji mwanga kwa muda mrefu, kwa hiyo huyo mwenye kofia alisimama bila kutikisika huku maji nyuma yake yakigeuka ukungu mtupu. Tangu mwanzo kabisa, basi, mtu alikuwamo.

Biashara ikafuata upesi. Mwaka 1853 Platt D. Babbitt alijenga kibanda upande wa Marekani, mahali paitwapo Prospect Point, akawa anapiga picha za wageni wakiwa wamesimama ukingoni wakitazama maji: mabwana na kofia zao, mabibi na miavuli yao, watoto wakishikwa mikono. Waliondoka na bamba lao kwapani. Kila mpigapicha anayesubiri wateja kwenye maporomoko leo, simu mkononi na mashine ndogo ya kuchapishia begani, anafanya kazi ya Babbitt.

Julai ya mwaka huohuo Babbitt alipiga picha ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Mtu mmoja, Joseph Avery, mashua yake ilipinduka juu ya maporomoko, akang'ang'ania gogo lililonasa katikati ya mto. Watu walijaa ukingoni wakijaribu kumfikia. Katika bamba la Babbitt anaonekana kama doa jeusi katikati ya maji yanayochemka. Hakuokolewa. Picha hiyo hutajwa miongoni mwa picha za habari za mwanzo kabisa duniani.

Marefu kuliko yote, na ugomvi wake

Kerepakupai Merú, Venezuela, ambayo ulimwengu huyaita Angel Falls, yana mita 979, na kati ya hizo mita 807 maji yanaanguka bila kugusa chochote. Jina la Angel linatokana na rubani Mmarekani, Jimmie Angel, aliyeyaona kutoka angani mwaka 1933 na kurudi mwaka 1937 akatua juu ya mlima wenyewe, ndege ikakwama kwenye matope, yeye na wenzake wakalazimika kushuka kwa miguu.

Lakini aliyetupa hizo mita 979 ni mwanahabari mpigapicha, Ruth Robertson, Mmarekani pia. Mwaka 1949 aliongoza msafara wa mitumbwi na miguu mpaka chini ya genge, vipimo vikachukuliwa, na habari yake ikatoka katika jarida la National Geographic mwaka huohuo. Namheshimu sana mama huyu. Rubani aliyaona kutoka juu akaondoka na jina; Robertson alikwenda na timu mpaka pale maji yanapomalizikia na akarudi na namba na picha.

Wapinzani wako Afrika. Tugela, katika milima ya Drakensberg nchini Afrika Kusini, yalikuwa yakiandikwa mita 948 kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016 watafiti kutoka Czech walipoyapima na kupata mita 983. Ikiwa namba hiyo itakubaliwa kila mahali, taji linahamia kwetu. Kwa mpigapicha Tugela yana shida yake: yanashuka kwa ngazi tano, na katika miezi ya ukavu ni uzi tu ukutani. Nenda wakati wa mvua, au asubuhi ya baridi kali ya Juni na Julai ambapo sehemu za juu huganda barafu.

Kuna yanayoyashinda haya yote, nayo hayapigwi picha. Kati ya Iceland na Greenland, chini ya bahari, maji baridi na mazito kutoka kaskazini hutumbukia chini ya maji vuguvugu ya Atlantiki na kushuka karibu mita 3,500. Hakuna ukingo wa kusimama.

Mapana, na upinde wa usiku

Kwa upana pekee, Khone kwenye mto Mekong, Laos, yanaongoza kwa zaidi ya kilomita 10, ila yamekatwakatwa na visiwa kiasi kwamba hakuna lenzi inayoyakusanya. Pazia moja la maji lililo kubwa kuliko yote ni Mosi-oa-Tunya, kati ya Zambia na Zimbabwe: mita 1,708 kwa mita 108. Mwaka 1862, miaka saba baada ya mpelelezi David Livingstone kufika, James Chapman alikwenda pale na kamera na kemikali zake, akashindwa kupata picha ya maporomoko, wakati mwenzake wa safari, Thomas Baines, alifaulu kwa brashi na rangi. Ukisimama pale mwezi wa Aprili, maji yakiwa yamejaa, unamwelewa Chapman. Manyunyu yanapanda mamia ya mita na kurudi chini kama mvua ya masika, yakitoka chini, ubavuni na juu kwa pamoja. Lenzi inalowa kabla hujaiinua.

Hapa ndipo kwenda na watu kunapolipa. Mmoja ashike mwavuli, mmoja ashike kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni, wa tatu apige. Futa, inua, bonyeza, funika. Khanga iliyofuliwa mara nyingi inafuta kioo vizuri kuliko taulo jipya, kwa sababu haiachi manyoya.

Na usiku wa mwezi mpevu, katika miezi ya maji mengi, hifadhi za pande zote mbili hufungua milango ili watu waone upinde unaochorwa na mbalamwezi kwenye manyunyu. Kwa macho huonekana mweupe mweupe. Kamera iliyotulia juu ya stendi kwa sekunde 15 au 20 huutoa na rangi zake zote. Kanuni ni ileile ya mchana: mwanga uwe mgongoni mwako, upinde uko mbele, digrii 42 kutoka mahali kivuli cha kichwa chako kinapoelekea. Ukiijua kanuni hii hutautafuta upinde kwa kubahatisha. Unaangalia kivuli chako, unajua pa kumsimamisha binamu.

Yaliyobanwa zaidi, na picha iliyogharimu zaidi

Nile, baada ya kutoka Ziwa Victoria na kupita Kyoga, inafika mahali ambapo mwamba umeacha upenyo wa kama mita 7 tu. Mto mzima unajipenyeza hapo na kuanguka mita 43. Hayo ndiyo maporomoko ya Murchison, au Kabalega kwa jina la mfalme wa Bunyoro, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ardhi inatetemeka chini ya viatu. Mwaka 1962 mafuriko makubwa yalivunja njia ya pili pembeni, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa Uganda kujitawala, maporomoko hayo mapya yakaitwa Uhuru. Picha nzuri kuliko zote ni ile inayoyachukua yote mawili, Uhuru kushoto au kulia kutegemea umesimama ng'ambo ipi, na kundi la watu katikati kwenye mwamba.

Januari 1954 ndege ndogo ilizunguka juu ya maporomoko haya ikiwa na mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary. Safari hiyo ilikuwa zawadi kwa Mary, naye alikuwa akipiga picha kutoka dirishani. Rubani Roy Marsh alizunguka ili mama apate picha zake, na katika mzunguko mmoja ndege ikagonga waya wa telegrafu uliokuwa umeachwa. Wakaanguka vichakani, wakalala usiku huo kando ya mto, na kesho yake wakaokolewa na mashua iliyokuwa ikipita. Walipofika Butiaba wakapanda ndege nyingine iwatoe, nayo ikashika moto ikiruka. Magazeti sehemu mbalimbali duniani yalitangaza kifo cha Hemingway akiwa hai. Baadaye mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na hakwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya hali yake ya afya.

Leo wapo wanaorusha droni mahali pa ndege. Hifadhi nyingi za Afrika Mashariki zinataka kibali maalumu kwa droni, na nadhani ni sawa kabisa: ndege wanaotaga kwenye kuta za magenge hawana mahali pengine pa kwenda.

Kenya: marefu, na yaliyozoeleka

Karuru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, yana mita 273 kwa ngazi tatu: 117, kisha 26, kisha 130. Ngazi ile fupi ya katikati ndiyo inayoharibu picha za wengi, kwa kuwa wanajaribu kuingiza zote tatu na kuishia na mstari mweupe katikati ya msitu. Chagua moja.

Yanayojulikana zaidi, hata hivyo, ni ya Nyahururu, mita 74, mto Ewaso Narok, yaliyopewa jina la mpelelezi Joseph Thomson aliyepita hapo mwaka 1883. Kuna familia za Kenya zenye albamu ambamo vizazi vitatu vimesimama mbele ya ukuta uleule wa kutazamia, babu kwa koti la suti, baba kwa suruali ya bugaluu, mtoto kwa sare ya shule. Pembeni utawakuta wazee waliovaa ngozi na manyoya ya jadi ya Kikuyu, tayari kusimama na mgeni kwa malipo. Patana bei kabla, na lipa bila kunung'unika. Hiyo ni kazi yao.

Yanayofanya kazi zaidi

Boyoma, juu ya Kisangani, ni mfululizo wa maporomoko saba uliotandazwa katika zaidi ya kilomita 100 za mto Kongo. Ukiyahesabu kwa wingi wa maji, yako katika orodha ya makubwa kabisa duniani, ingawa jumla ya mshuko wake ni kama mita 60 tu. Lile la mwisho ni la Wagenia, wavuvi waliosimika magogo makubwa ndani ya maji yaendayo kasi na kuning'iniza migono mikubwa yenye midomo kama tarumbeta. Wanapanda magogo hayo kwa mikono mitupu kuangalia samaki. Kisangani ni mji wa Kiswahili na Kilingala, kwa hiyo mgeni kutoka Dodoma au Mombasa anaweza kuomba ruhusa kwa lugha yake, akajibiwa, akaelekezwa na mahali pa kukanyaga. Hapa ndipo kasi ya kamera iwe juu, 1/1000 ya sekunde au zaidi. Maji yakilainishwa, hatari wanayoikabili wavuvi hao inafutika kwenye picha.

Rusumo

Sina sifa ya kuyapa maporomoko ya Rusumo kwa urefu. Ni kama mita 15. Yako kwenye mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na sasa yana kituo cha megawati 80 kinachogawa umeme kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, walivuka daraja lililo juu ya maji hayo kuingia Ngara, Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikuwa halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa muda mfupi vile. Kamera za wanahabari zilikuwa hapo, na zilionyesha pia miili iliyokuwa ikishuka na mto. Ukifika na wenzako darajani, piga picha ukitaka, ila waeleze watoto kwanza yaliyotokea.

Rafiki zaidi kwa familia

Hapa natoa taji kwa mapenzi yangu, na nalitoa kwa Materuni, juu ya mji wa Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Yanakadiriwa kufika mita 80. Njia inapita kwenye migomba na mibuni ya Wachaga, mteremko mrefu lakini wa kutembeka, na hata bibi mwenye goti bovu anafika akipewa mkongojo na muda. Yanayoyapita kwa urefu ni Sanje, mita 170, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa 1992, ambako unaweza kuoga chini ya maji. Ila njia ya Sanje inadai mapafu, na watoto wadogo watabebwa.

Safari moja ya Materuni tulikwenda ukoo mzima. Tatizo la picha za maporomoko na watoto ni hili: maji hupendeza kwa kasi ya chini, nusu sekunde hivi, yanapogeuka hariri; mtoto hatulii nusu sekunde. Mchana wenye jua ni vigumu zaidi, kwani mwanga ni mwingi mno na lazima uweke kichujio cheusi mbele ya lenzi. Mjomba alikuwa na stendi, mimi nikashika kamera, na mpwa wangu mwenye miaka tisa akapewa simu.

"Mjomba, mbona unapiga polepole hivyo?" mtoto akaniuliza.

"Tulia, mwanangu. Hesabu moja hadi mbili bila kupumua."

Wakubwa walitulia. Kwa 1/8 ya sekunde maji tayari yanaonyesha mwendo wake, na mtu mzima aliyeegemea mwamba anabaki wazi. Watoto tukawapiga peke yao kwa 1/500 wakirukaruka kidimbwini, kila tone likiwa limesimama hewani. Picha mbili, kasi mbili, mahali palepale. Ukizichapisha ziweke ukurasa mmoja. Simu nyingi za siku hizi nazo zina njia ya kufungua lenzi kwa muda mrefu, tafuta kwenye mipangilio ya kamera kabla hujaondoka nyumbani, maana kwenye korongo mtandao unaweza kukosekana na vidole vimelowa.

Picha za mpwa zilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Alipiga kutoka usawa wa kiuno, maji yakawa marefu maradufu na shangazi zake wakawa majitu. Mwaka 1916 mvulana wa miaka 14 alikwenda na wazazi wake Yosemite, California, ambako maporomoko makuu yana mita 739, akapewa kamera ya boksi, Kodak Brownie. Jina lake Ansel Adams, aliyekuja kuwa mpigapicha mashuhuri wa mandhari. Wape watoto kamera.

Na jambo la mawe. Ute wa kijani ulio juu ya mawe yenye manyunyu unateleza kuliko sabuni. Mtu anayepigwa picha asirudi kinyumenyume hata hatua moja kwa amri ya mpigapicha, asogee mpigapicha.

Matembezi ya kale zaidi

Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mkoa wa Rukwa kwa upande wetu, yanaanguka kwa mshuko mmoja wa mita 221. Ni zaidi ya mara mbili ya Mosi-oa-Tunya, na bado Watanzania wengi hawajawahi kuyaona hata kwenye kalenda. Ndege aina ya marabu hujenga viota kwenye kuta zake. Chini, mto unaendelea mpaka Ziwa Tanganyika.

Mwanaakiolojia John Desmond Clark alianza kuchimba juu ya maporomoko hayo miaka ya 1950 na kupata zana za mawe na mabaki ya mbao. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilirudi, ikakuta kwenye udongo uliolowa maji magogo mawili yaliyopishanishwa, la juu likiwa limechongwa pengo ili likalie la chini. Umri wake, uliotangazwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ni angalau miaka 476,000. Hakuna ujenzi wa mbao wa kale zaidi unaojulikana popote duniani. Waliouchonga hawakuwa hata watu wa aina yetu. Waliishi kabla ya binadamu wa leo kutokea. Huenda ilikuwa sehemu ya njia ya kupitia majimaji, huenda jukwaa. Ujenzi huo ulihitaji kuukata mti, kuuchonga, kuupachika juu ya mwenzake, na mtu anayejenga namna hiyo kando ya mto anategemea kurudi.

Ukitokea Sumbawanga, unapita Matai kuelekea mpakani. Mto unaelekea magharibi, kwa hiyo ukuta wa maporomoko hupata jua la alasiri. Asubuhi korongo zima liko kivulini. Mwisho wa masika, Aprili au Mei, maji ni mengi. Picha ya kawaida ya Kalambo hupigwa kutoka upande mmoja wa korongo, na ndiyo inayoyafanya yaonekane kama bomba la jikoni. Tafuta pembe ambayo sehemu ya kutazamia inaingia ndani ya picha pamoja na maji, wasimamishe wenzako hapo, mmoja awe na nguo nyekundu au njano, wewe rudi nyuma na lenzi ndefu mpaka wao wawe wadogo na maji yawe makubwa. Fika kabla ya saa tisa alasiri, maana kupanda kurudi kunachukua muda na barabara ya kurudi Sumbawanga ni bora kuimaliza mchana.